Chuma kitupu kabla ya rangi: usafishe vipi, uanze na praima ipi

Mwezi uliopita shemeji yangu aliniita Kigamboni nikamtazamie geti. Halikuwa limetimiza mwaka na nusu. Juu bado lilikuwa zuri, lakini chini, kama shibiri mbili kutoka ardhini, rangi ilikuwa inanyanyuka vipande vipande kama magamba ya changu. Alikuwa ameshaamua kwamba aliuziwa rangi feki. Nikabandua gamba moja kwa ukucha, nikaligeuza. Mgongo wake ulikuwa mweusi wa kibuluu, unang'aa kama bawa la kunguru juani.

"Shemeji, rangi yako haina kosa," nikamwambia. "Imeshika vizuri sana. Tatizo ni kile ilichokishika."

Ule weusi ni ganda la kiwandani. Chuma kikipitishwa kwenye roli kikiwa chekundu kwa moto, uso wake huungana na hewa na kuacha ganda jembamba, gumu, la bluu-nyeusi. Kwa macho linaonekana kama chuma chenyewe, tena safi kuliko chuma chenye kutu, ndiyo maana mafundi wengi hupaka rangi juu yake bila wasiwasi. Lakini ganda hilo hupasuka kadiri chuma kinavyopata joto na baridi, kinavyokunjwa na kuchomelewa. Unyevu ukipenya kwenye ufa, ganda na chuma hufanya kazi kama betri: ganda linabaki salama, chuma kilicho wazi kwenye ule ufa mdogo kinaliwa kwa kasi. Baadaye ganda linaachia na rangi yote inaondoka nalo.

Karibu kila anayenipigia simu huuliza praima ipi, yaani rangi ya kwanza inayogusa chuma, ni nzuri. Mimi humuuliza kwanza chuma chake kitasafishwa kwa nini, na nani atakaa pale kusimamia. Praima ya bei kubwa ikipakwa juu ya ganda au kutu hufa mapema kuliko ya bei ndogo iliyopakwa kwenye chuma safi. Kwa hiyo nalinganisha mambo mawili hapa, njia za kusafisha na aina za praima, na la kwanza ndilo linaloamua la pili.

Kama kazi yako ni ya kurudia, anza kwa kusoma mgongo wa gamba kama nilivyofanya. Bluu-nyeusi ni ganda la kiwandani. Unga wa kahawia ni kutu iliyoachwa chini. Ukikuta mgongo safi na chini yake uso wa kijivu unaong'aa, basi hapo pana mabati, yaani chuma chenye ngozi ya zinki, au palikuwa na mafuta. Na ukikuta praima bado imekaa chumani, ila rangi ya juu ndiyo iliyoachia, ujue praima ilikaa muda mrefu wazi, ikashika vumbi na chumvi, ndipo ikapakwa rangi.

Mafuta kwanza, kwa njia yoyote utakayochagua

Bomba na bati vikitoka kiwandani hupakwa mafuta visishike kutu njiani. Bomba jembamba la kijivu kinachong'aa halina ganda jeusi, lakini ukipitisha kidole kinatoka na weusi wa mafuta. Ongeza jasho la mikono ya waliopakia, grisi ya mashine ya kukatia, na ile dawa ya kopo ya kulegeza nati ambayo huenda ina silikoni ndani. Ukianza na grinda kabla ya kuondoa mafuta, diski huyasukumia ndani ya mikwaruzo na kuyasambaza kila inapopita.

Mafuta ya taa na dizeli huyeyusha grisi, lakini vyenyewe huacha utando. Petroli hukauka upesi zaidi, ila kuiweka kwenye karakana yenye cheche za grinda ni kutafuta msiba. Thina inafaa kwa vipande vidogo kama bawaba, mabano na vipuri vya pikipiki, mradi uwe na matambara mawili: moja la kupakia thina, jingine kavu la kufutia kabla thina haijakauka. Ukitumia tambara moja kutwa, unachofanya ni kuhamisha mafuta kutoka huku kwenda kule.

Kwa geti zima mimi nachagua sabuni ya unga na maji ya moto. Sabuni inaondoa mafuta na maji yanaondoa chumvi kwa pamoja, na thina haiondoi chumvi hata kidogo. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu chuma kikilala nje usiku mmoja upande wa bahari kimeshapata chumvi yake. Maji ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na ukisuuza kwa maji hayo umeirudisha ile uliyoiondoa.

Kipimo ni rahisi. Mwagia maji safi kwenye chuma. Yakitandaa kama karatasi moja, chuma ni safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la magimbi, mafuta bado yapo.

Brashi na grinda, dawa ya kutu, au kupiga mchanga

Brashi ya waya ya mkono huondoa kutu iliyolegea, basi. Ganda la kiwandani hailigusi. Brashi ya waya ya kufunga kwenye grinda hudanganya zaidi, maana chuma hutoka kinang'aa na mwenye geti anaridhika. Mng'ao huo mara nyingi ni kutu ngumu na ganda vilivyosuguliwa hadi vikawa laini kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Praima haina pa kushika.

Chombo ninachokiamini ni diski ya msasa ya grinda, namba 40 au 60 kwa kung'oa ganda, na 80 kwa bati jembamba na kumalizia. Inang'oa na papo hapo inaacha mikwaruzo. Ni kazi ya polepole: geti la milango miwili linaweza kula siku nzima ya fundi mmoja, na hapo bado pembe za ndani, nyuma ya maua ya nondo, na maungio ambayo diski haifiki. Sehemu hizo zinataka msasa wa mkono na uvumilivu. Sehemu za kuchomelea zinataka uangalifu wa peke yake. Slagi (lile ganda linalobaki juu ya welding) yote igongwe, vijipele vya chuma visagwe, kisha paoshwe, kwa sababu mabaki ya unga wa elektrodi huvuta unyevu na kuichokoza rangi kutoka chini. Tazama mageti ya mtaani kwako, utaona mengi yameanza kuvuja machozi ya kahawia pale pale penye welding.

Dawa ya kutu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Zipo za aina mbili kubwa. Moja ina asidi ya fosfori, ambayo hula kutu na kuacha utando wa fosfeti wa kijivu. Nyingine ina tanini, ambayo huigeuza kutu kuwa kitu cheusi kilichotulia, na mara nyingi huchanganywa na utomvu wa plastiki unaoacha ngozi juu. Tanini si ngeni kwetu. Magome ya mikoko ya Rufiji na Lamu yalisafirishwa zamani kwenda nje kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na kilichotafutwa ndani yake ni tanini hiyo hiyo.

Dawa hizi zinahitaji kutu ili zifanye kazi, na zinahitaji kutu nyembamba. Ukipaka juu ya kutu nene ya magamba, inabadilika ya juu tu. Ya chini inaendelea na kazi yake ikiwa imefunikwa. Ukipaka kwenye chuma safi, ile ya fosfori isipopata kutu ya kula hubaki inanata au inaacha unga mweupe, na praima juu yake haishiki. Jambo la tatu ndilo linalowaumiza watu walionunua vitu vya bei: watengenezaji wengi wa praima ya epoksi hawataki epoksi yao ipakwe juu ya dawa ya kutu. Dawa ya tanini na praima ya mafuta hupatana. Dawa na epoksi, soma kopo kwanza. Mimi naitumia dawa pale ambapo diski haifiki, kwenye mashimo madogo ya kutu na kwenye maungio, tena nikijua nitafuata na praima ya mafuta.

Asidi za kienyeji ni jambo jingine. Siki hufanya kazi vizuri kwa vipuri vidogo: loweka usiku kucha, sugua, suuza sana, kausha papo hapo kwa moto au upepo. Maji ya betri na dawa kali za chooni naziogopa. Zile za chooni zenye asidi ya haidrokloriki huacha kloridi, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayokula chuma, na mvuke wake peke yake huoza vifaa vingine vilivyomo karakanani. Na usiloweke kwenye asidi springi wala bolti ngumu za gari au mashine. Haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe rahisi kukatika, bila dalili kwa nje.

Kupiga mchanga kwa kompresa, yaani kuurusha kwa nguvu ya hewa juu ya chuma, hakuna mfano wake. Huondoa ganda, kutu na rangi ya zamani kwa pamoja, hufika kwenye pembe, na huacha uso wenye vinundu vya kama mikroni 50 hadi 75 ambao praima inaung'ang'ania. (Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70.) Lakini tazama mambo haya. Bati la geti la milimita 1 hujikunja likipigwa kwa nguvu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, kwa hiyo unaipigilia chumvi ndani ya chuma. Na mchanga wowote wenye silika hutoa vumbi linaloharibu mapafu kabisa, bila kurudi nyuma. Uingereza ilitunga kanuni ya kuuzuia kwa kusafishia vyuma tangu mwaka 1949. Ukimwona kijana anapiga mchanga akiwa amejifunga fulana puani, mwonee huruma na utafute karakana nyingine, inayotumia punje za jiwe la ganeti au za slagi ya shaba badala ya mchanga, na kofia yenye hewa yake.

Halafu kuna mbio za saa. Chuma kilichopigwa mchanga kimevuliwa nguo zote. Kwenye hewa ya pwani huanza kupata wekundu siku hiyo hiyo, wakati mwingine ndani ya saa chache. Praima iwe imeshachanganywa wakati mchanga unamalizika. Mimi sipendi zizidi saa 4. Kama karakana ya mchanga iko mbali na ya rangi na chuma kitalala kwenye gari, fedha yako ya mchanga imepotea.

Makopo ya praima za maana huandika alama za ISO 8501-1, kiwango cha kimataifa cha usafi wa chuma. St 2 ni usafi wa brashi na vifaa vya mkono. St 3 ni ule ule ila wa makini zaidi, chuma kinaonyesha mng'ao wake. Sa 2½ ni wa kupiga mchanga hadi vibaki vivuli vidogo tu vya madoa. Alama hizo zina thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa mbele ya kopo. Kopo likisema Sa 2½ na wewe una brashi, hilo kopo si lako.

Praima tano kwa mkupuo

| Praima | Usafi inaoutaka | Pwani | Bara pakavu |
|---|---|---|---|
| Oksaidi nyekundu | St 2 na kuendelea | Dhaifu | Inatosha kwa grili |
| Zinki fosfeti ya mafuta | St 3 | Wastani | Nzuri sana |
| Epoksi nene inayovumilia kutu kidogo | St 2 hadi St 3 | Nzuri | Nzuri, ila ghali |
| Epoksi yenye zinki nyingi | Sa 2½ tu | Bora kuliko zote | Si lazima |
| Praima ya asidi | Chuma safi kabisa, alumini, mabati | Kama tabaka la kwanza tu | Vilevile |

Oksaidi nyekundu ndiyo iliyopaka nusu ya mageti ya nchi hii, na wengi wanaiamini kwa heshima isiyo yake. Zamani praima nyekundu ya chuma ilikuwa ya madini ya risasi. Ile ilizuia kutu kwa kemia yake na ilidumu, ila risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa watoto, ikaachwa. Oksaidi ya leo ina wekundu unaofanana, lakini wekundu huo ni oksaidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu yenyewe. Hauzuii kutu, unaziba tu. Kama kopo halina dawa nyingine ndani yake, tabaka moja la mikroni 40 lina vinyweleo na maji hupita. Geti linaloletwa nyumbani na oksaidi peke yake, likae mwezi mzima likisubiri fedha ya rangi ya juu, huanza kuoza chini ya wekundu wake, na kwa kuwa rangi zinafanana mwenyewe haoni. Nawasihi wanaoagiza mageti: lipeni rangi zote kwa pamoja, au geti libaki karakanani mpaka mtakapokuwa tayari. (Na kama unakwangua rangi ya zamani isiyojulikana umri wake, ikwangue ikiwa na maji, usiisage kavu, na watoto wakae mbali. Huenda ni ile ya risasi.)

Zinki fosfeti kwa macho na kwa kupaka haina tofauti kubwa na oksaidi. Inapakwa kwa brashi, inayeyushwa kwa thina ile ile ya rangi ya mafuta, haina hadina (dawa ya kugandishia rangi) ya kuchanganya. Tofauti iko ndani: fosfeti inazuia kutu kwa kemia, na haina sumu ya risasi. Kwa grili za dirisha za Dodoma, Morogoro, Nakuru au Tabora sioni sababu ya mtu kupanda juu ya hapo. Muulize muuza duka kopo lenye maneno zinki fosfeti, usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Epoksi ni kopo mbili, rangi na hadina, na zikishachanganyika hakuna kurudi. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kifuatwe kwa kikombe chenye alama. Nimeona kazi nzima ikibaki laini kama ulimbo kwa sababu fundi aliongeza hadina "ikauke haraka". Hadina iliyozidi haiharakishi, inaharibu. Epoksi ya kawaida inataka chuma safi, lakini ipo ile nene, ya kupakwa mikroni 100 na kuendelea kwa tabaka moja, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mkono. Kwa mtu wa pwani asiye na mchanga karibu, hii ndiyo rafiki yake. Udhaifu wake ni jua: epoksi ikiachwa wazi hupauka na kutoa unga, hivyo lazima ifunikwe na rangi ya juu. Na ikipitisha muda wa kurudiwa ulioandikwa kwenye kopo, inakuwa ngumu na uso wake unateleza mno. Hapo msasa upite kabla ya tabaka linalofuata.

Epoksi ya zinki ni kitu cha pekee, maana zinki yake inajitoa kafara: inaliwa badala ya chuma hata pale rangi ilipokwaruzwa. Ili hilo litokee, chembe za zinki lazima zigusane zenyewe kwa zenyewe na ziguse chuma. Ndiyo sababu zinki inapaswa kuwa angalau asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka, na ndiyo sababu ganda, kutu au dawa ya kutu katikati vinaiua kazi yote. Bila mchanga, usiinunue. Na usiipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu yake.

Ya asidi ni nyembamba sana, mikroni 8 hadi 10. Inauma uso laini wa alumini au mabati na kuandaa pa kushika. Haizuii maji. Ifunikwe siku hiyo hiyo, na haifai juu ya kutu. Watu wa bodi za magari wanaijua vizuri, na wanajua pia kwamba puti haipakwi juu yake.

Mabati na mabomba ya GI

Kosa moja hurudiwa kila mtaa: bomba la GI, yaani la chuma chenye zinki, zuri, jipya, linapakwa rangi ya mafuta moja kwa moja. Zinki na mafuta ya rangi hutengeneza sabuni. Ndiyo, sabuni, kwa kemia ile ile ya mafuta kukutana na magadi. Baada ya miezi kadhaa rangi inavuka kama ganda la ndizi, na ndani yake bomba linang'aa kama siku ya kwanza. Mabati yanataka kuoshwa kwa sabuni, kupigwa msasa mwepesi wa namba 180 hivi bila kuikwangua zinki yote, unga mweupe ukiwepo uondolewe, kisha praima ya asidi, au epoksi iliyoandikwa kwamba inafaa mabati. Pale palipochomelewa zinki imeungua. Hapo sugua hadi chuma, upake zinki ya kopo kabla ya mengine. (Wachomeleaji, moshi mweupe wa GI huleta homa usiku. Chomeleeni penye upepo.)

Na je, kuchovya geti zima kwenye zinki iliyoyeyuka badala ya kupaka rangi? Kama lipo dimbwi la kuchovya mjini kwako, fikiria kwa makini. Kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani wa mikroni 55 za zinki kwa chuma cha milimita 1.5 hadi 3, na mikroni 85 kwa kinene cha zaidi ya milimita 6. Bati la kawaida la daraja la Z275 lina kama mikroni 20 tu kila upande. Sasa weka hesabu hii pembeni: kwa kipimo cha ISO 12944, mahali pakali pa karibu na bahari, penye daraja la C5, hula mikroni 4.2 hadi 8.4 za zinki kila mwaka. Zile 20 zinaisha ndani ya miaka mitano kwa uzuri kabisa. Zile 55 zinavuka sita, na zikipewa rangi juu zinadumu zaidi ya jumla ya kila kimoja peke yake. Mahali pa daraja la C3, mbali na bahari, zinki hupoteza mikroni 0.7 hadi 2.1, na habari inakuwa nyingine kabisa. Ukichagua kuchovya, fundi atoboe matundu kwenye kila bomba lililozibwa. Unyevu uliofungiwa ndani hulipuka kwenye zinki ya nyuzi 450.

Ningechagua nini

Grili mpya, bara pakavu: sabuni, diski ya msasa, zinki fosfeti mbili, rangi ya mafuta mbili. Usiongeze kitu.

Geti jipya, pwani, karakana ya mchanga ipo na bomba ni nene: piga mchanga, epoksi ya zinki, epoksi ya kati, kisha poliuretheni (rangi ya juu inayovumilia jua). Ni ghali, na poliuretheni inataka barakoa ya kweli, si kitambaa. Lakini kama nyumba inasikia mawimbi, ndiyo kazi nisiyoogopa kuiwekea jina langu.

Geti la pwani bila mchanga, jipya au la zamani: diski hadi St 3, epoksi nene inayovumilia, rangi ya juu inayopatana nayo. Hapa ndipo wasomaji wengi wa pwani watakapoangukia, na hapana aibu.

Kutu imeshakula mashimo na fedha ni ndogo: ng'oa yote iliyolegea, dawa ya tanini, zinki fosfeti, rangi ya mafuta, na ukubali kwamba utarudi baada ya miaka miwili mitatu.

Vipande vya pikipiki au baiskeli: thina, siki kwa vidogo visivyo vigumu, epoksi. Nyuzi za skrubu na sehemu za beringi zizibwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ukimaliza zipakwe grisi. Rangi haina kazi pale.

Kwa zote, kingo zipakwe peke yake kwa brashi kabla ya tabaka zima. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, na pale inabaki nyembamba kama karatasi ya sigara. Vunja ncha kwa diski hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Chagua siku za kaskazi kavu kuliko masika, anza saa tatu asubuhi umande ukishaondoka, acha saa tisa. Chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutua), na unyevu wa hewa chini ya asilimia 85. Usiye na kipimo, futa sehemu ndogo kwa tambara bichi: ikikauka ndani ya robo saa, paka. Na chuma kinachochoma kiganja hakipakwi pia; kisogeze kivulini.

Geti la shemeji tulilifanyia kwa njia ya tatu kati ya hizo. Siku ya kwanza, kabla ya diski kugusa chochote, nilimwomba fundi atoboe tundu la milimita 8 chini ya bomba la mlalo, pale rangi ilipokuwa imenyanyuka. Yalitoka maji ya kahawia kama chai ya rangi, yakatiririka kwa muda, yakaacha doa kwenye saruji. Mvua ilikuwa inaingia juu, kwenye ncha za mabomba zisizozibwa, na masika mazima yalikuwa yamekaa ndani. Tukaziba juu kwa vipande vya bati vilivyochomelewa pande zote, tukaacha matundu ya chini wazi, tukasubiri siku mbili pakauke. Ndipo tukaanza kusafisha.